Rangi Zisizochanganywa

Isogelee picha ya Mwenze Kibwanga mpaka pua ikaribie kuigusa, na picha yenyewe itapotea. Paa aliyekuwa akiruka hayupo tena, mwindaji naye hayupo. Kilichobaki ni vistari vifupi, kimoja kando ya kingine, vyote vimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo: cha kahawia, cha udongo mwekundu, cheupe kilichochujuka, cheusi, kisha cha kahawia tena. Hakuna mahali ambapo rangi mbili zimevurugwa pamoja. Kila kistari kimewekwa mara moja na kuachwa. Sasa rudi nyuma hatua chache. Vistari vinaanza kushikana, kahawia inapata joto ambalo halikuwa kwenye brashi, na paa anarudi, anaruka.

Mwenze alizaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 1999. Alijifunza kazi hii Elisabethville, mji ambao tangu 1966 tunauita Lubumbashi, katika karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Aliyeifungua mwaka 1946 alikuwa Mfaransa mzaliwa wa Brest, Pierre Romain-Desfossés, afisa wa zamani wa jeshi ambaye baada ya vita aliamua kubaki Katanga. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60 alipoanza, na alifariki mwaka 1954 katika mji huohuo. Kwa hiyo ualimu wake wote unaokumbukwa ni wa miaka minane tu. Katika miaka hiyo minane walitoka mikononi mwake wachoraji ambao hadi leo mtu akiona kazi zao kwa mbali, hata bila kusoma sahihi, anaweza kusema: huyu ni Pili Pili, huyu ni Bela, huyu ni Mwenze. Naona jambo hilo ni kubwa kuliko linavyopewa heshima, kwa sababu walikaa chini ya paa moja, wakatumia vifaa vilevile, wakamsikiliza mwalimu mmoja. Kwa kawaida karakana ya namna hiyo huzaa wanafunzi wanaofanana na mwalimu wao. Hii ilizaa wanafunzi wasiofanana hata wao kwa wao.

Romain-Desfossés alikuwa na msimamo mmoja, na aliushika kwa ukaidi. Hakutaka wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Hakuwafundisha kanuni za umbali, zile za mistari inayokutana kwenye upeo wa macho. Hakuwapa jedwali la rangi wala gurudumu la rangi, ile duara inayopanga nyekundu, manjano na buluu pamoja na watoto wao. Aliwapa karatasi, rangi na brashi, kisha akawaambia wachore wanachokijua: mto, samaki, nyoka, ndege, kichaka, mwindaji, ngoma, hadithi walizosikia nyumbani. Alikaa nao, akatazama, akasema neno inapobidi. Zaidi alilinda. Alipoona kijana ameanza kupata njia yake mwenyewe ya kugusa karatasi, alihakikisha hakuna anayemwondoa kwenye njia hiyo, hata yeye mwenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: mwalimu asiyefundisha kanuni amefundisha nini? Nadhani jibu liko kwenye karatasi zenyewe, na jibu hilo linahusu rangi kuliko kitu kingine chochote.

Tuanze na Bela. Alikuwa Msara wa Chad, mtu wa mbali kabisa na Katanga, na alifika Elisabethville akiwa mtumishi wa Romain-Desfossés. Hakuja kusoma sanaa. Alianza kuchora kwa kuwa alikuwa pale, akiwaona wengine wakichora. Aliiacha brashi na kutumia vidole. Alichovya ncha ya kidole kwenye rangi, akaigusisha karatasini, akachovya tena. Ukitazama kwa makini unaona alama za nyama ya kidole: nene katikati, nyepesi pembeni, na mara nyingine rangi ya chini ikichungulia pale kidole kilipokuwa kimeanza kukauka. Miti yake imejengwa kwa alama hizo, na majani, na hata anga. Brashi inaweza kuvuta rangi, kuilainisha, kuifanya ya jirani iingie ndani yake. Kidole kinachogusa na kuondoka hakiwezi. Kwa hiyo Bela, kwa kuchagua kidole, alijifungia nje ya uchanganyaji, na kilichobaki mkononi mwake ni swali moja: rangi hii niiweke karibu na ipi?

Pili Pili Mulongoy alikuwa na mkono mwingine kabisa. Alizaliwa karibu mwaka 1914, akaishi mpaka 2007, na kama kuna jina moja la Hangar linalojulikana kwa wengi ni lake. Wanyama wake wana mipaka safi: ndege mwenye shingo ndefu, samaki, nyoka anayemkabili ndege kwenye kiota, swala wanaokimbia. Lakini mtazamaji mzuri asiishie kwa mnyama. Aangalie nyuma yake. Mchoraji wa kawaida akimaliza ndege hupaka anga rangi moja akafunga kazi. Pili Pili hakuacha pahali patupu. Nyuma ya ndege kuna nukta, au vistari vyembamba vya mawimbi, au magamba, au majani madogo yanayorudiwa na kurudiwa kwa subira inayoshangaza, karatasi nzima, kutoka kona mpaka kona. Hakuna upeo wa macho, hakuna ardhi chini na mbingu juu. Mnyama anaelea ndani ya mdundo wa alama.

Mdundo huo si pambo. Nukta za manjano juu ya kijani huifanya kijani isogee mbele. Nukta za buluu juu ya kijani ileile huirudisha nyuma na kuipoza. Pili Pili aliweza kutumia kijani moja kwenye picha nzima akaifanya ionekane tatu, kwa kubadilisha tu kile kilichonyunyizwa juu yake. Nyoka na majani anamojificha vinaweza kuwa vya rangi moja, na bado jicho likamwona nyoka, kwa sababu nukta za mwili wake zimepangwa kwa nafasi tofauti na za majani. Hii ni elimu. Inahitaji mtu aliyekaa na rangi kwa muda mrefu, akaona inavyobadilika anapoipa jirani mpya.

Halafu Mwenze. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyefika mbali zaidi, ingawa alitumia rangi chache kuliko wenzake. Pili Pili alikuwa na kijani, buluu, manjano na waridi. Mwenze mara nyingi alijibana ndani ya familia moja: udongo, kutu, kahawia, nyeusi, nyeupe kidogo. Ni rangi za barabara za Lubumbashi wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa limetulia juu ya kila kitu. Ndani ya familia hiyo finyu alifanya kazi ambayo wachoraji wenye masanduku makubwa ya rangi hawaiwezi.

Siri yake iko katika kistari. Mtu na usuli wake vimetengenezwa kwa kistari kilekile, kwa urefu uleule na mkono uleule. Kinachomtenganisha mwindaji na kichaka ni mambo mawili tu: mwelekeo wa vistari, na uwiano wa vyeusi na vyekundu ndani yake. Kwenye bega la mwindaji vistari vinageuka kidogo, vinafuata mviringo wa mwili, na kati ya kila vistari kadhaa vyekundu kinaingizwa kimoja cheupe. Jicho linasoma mwanga. Kwenye mbavu vyeupe vinapungua, vyeusi vinaongezeka. Jicho linasoma kivuli. Hakuna kivuli kilichopakwa. Kuna hesabu ya majirani. Anayejua mkeka anafahamu jambo hili tangu utotoni: ukindu ni rangi mbili au tatu tu, lakini msukaji akibadilisha mpangilio, uso wa mkeka unapata milima na mabonde.

Angalia pia alivyoshughulikia mapengo. Vistari vya Mwenze havifuniki karatasi yote, kwani kati ya kimoja na kingine kuna uwazi mwembamba ambamo rangi ya chini inaonekana. Rangi hiyo ya chini ndiyo inayoifunga picha. Kama chini ni nyekundu ya matofali, basi kahawia, nyeusi na nyeupe zote za juu zinakunywa kidogo kutoka kwenye nyekundu hiyo, na picha nzima inakuwa na hali moja ya hewa. Mwanafunzi wa sanaa anayetaka kujua kwa nini picha yake imesambaratika, kila rangi ikipiga kelele kivyake, akae mbele ya kazi ya Mwenze na atazame mapengo.

Sasa niende mbali kidogo, halafu nitarudi Katanga.

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya ukutani. Malalamiko yalimfikia kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikuwa nyeusi vya kutosha, kwamba zilififia zikifumwa karibu na buluu na zambarau. Chevreul akazipima nyuzi zile na kuzilinganisha na za viwanda vingine. Hazikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa kwa jirani. Rangi mbili zikikaa bega kwa bega kila moja huisukuma nyingine upande wa pili: buluu iliyo karibu huipaka nyeusi wekundu fulani wa machungwa machoni mwetu, nao weusi wake unapungua nguvu. Alitumia miaka mingi kulichunguza jambo hilo, na mwaka 1839 akachapisha kitabu kinene kuhusu sheria ya rangi zinazotofautiana zikikaa pamoja. Wachoraji wa Ufaransa walikisoma. Georges Seurat alijenga juu yake mtindo mzima wa nukta, na picha yake kubwa ya watu wa Jumapili ufukoni mwa mto Seine ilionyeshwa mwaka 1886.

Kuna sababu ya kimwili inayofanya njia hii iwe na faida. Kila rangi ya kupaka hula sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu iliyobaki. Ukikoroga rangi mbili pamoja, kila moja inakula fungu lake, na mwanga unaorudi machoni unapungua. Ukikoroga nne au tano unapata tope. Lakini ukiziweka kando kwa kando katika alama ndogo, kila moja inarudisha mwanga wake wote, na jicho ndilo linalozikutanisha. Ndiyo maana kahawia ya Mwenze ina joto, wakati kahawia iliyokorogwa kwenye kibao imelala.

Kiwanda cha kufuma, Paris, na karatasi ya vistari, Elisabethville, vimefika pahali pamoja. Chevreul alifika kwa vipimo na maabara. Seurat alifika kwa kusoma. Mwenze, Pili Pili na Bela walifika kwa mkono, kila mmoja kwa mlango wake, kwa sababu kulikuwa na mwalimu aliyekataa kuwaonyesha mlango mmoja. Sioni kwamba mkono ni njia duni kuliko maabara. Elimu ya mhunzi kuhusu moto ni elimu. Wafuaji shaba wa zamani wa Katanga walilitambua jiwe la kijani la malakiti, wakajua kwamba kijani ile ikiingia tanuruni inatoka ikiwa shaba nyekundu, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuandika fomula yake.

Ipo sadfa moja ya miaka ninayoipenda. Romain-Desfossés alizaliwa mwaka 1887. Mwaka uliofuata, 1888, walizaliwa walimu wawili ambao vitabu vyao ndivyo vinavyofundishiwa rangi duniani leo: Johannes Itten wa Uswisi na Josef Albers wa Ujerumani. Watatu hawa ni rika moja.

Itten alifundisha katika shule ya Bauhaus, Weimar, kuanzia 1919 hadi 1923. Alipanga namna saba za rangi kutofautiana, na akaeneza lile gurudumu la rangi 12 ambalo limechapishwa katika vitabu visivyo na hesabu. Lakini ni mtu huyohuyo aliyesimulia kisa cha darasa lake mwaka 1928. Aliwapa wanafunzi mazoezi ya rangi zilizopatana kwa mujibu wa kanuni, na darasa likachachamaa: rangi zile hazikuwapendeza. Akawaambia basi kila mmoja apange zile anazoona yeye zinapatana. Kila mwanafunzi akaleta mpangilio tofauti na wa mwenzake, na Itten akagundua kwamba kila mpangilio ulifanana na aliyeutengeneza. Tangu hapo aliamini kwamba mwalimu wa rangi ana kazi mbili, kufundisha sheria za wote na kumsaidia kila mtu apate rangi zake.

Albers naye alianzia Bauhaus, akaikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1933, akafundisha Black Mountain College huko Marekani, na kuanzia 1950 chuo cha Yale. Yeye aliweka mazoezi mbele ya nadharia. Aliwanyima wanafunzi rangi za kupaka, akawapa vipande vya karatasi za rangi. Zoezi lake mashuhuri ni hili: chukua vipande viwili vidogo vya karatasi ileile, weka kimoja juu ya karatasi kubwa ya rangi moja na kingine juu ya kubwa ya rangi nyingine, mpaka vile vidogo vionekane kuwa rangi mbili tofauti kabisa. Mwanafunzi hufanya kazi siku nzima, hujaribu na kutupa, na siku anapofaulu haamini macho yake. Kitabu cha Albers kuhusu jinsi rangi zinavyoathiriana kilitoka mwaka 1963.

Ukimweka Romain-Desfossés kati ya hawa wawili, unaona alifanya nusu ya kazi ya kila mmoja. Kama Itten wa mwaka 1928, alimwachia kila mwanafunzi atafute mpangilio wake. Kama Albers, alitanguliza mkono. Ambacho hakufanya ni kuandika sheria mwishoni. Huenda hakujua kwamba sheria ilikuwa inazaliwa mbele yake. Alitazama picha zile kama matunda ya vipaji na ya asili ya Afrika, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Maana Hangar ilikuwa karakana ya kikoloni, na haifai kuipaka asali. Elisabethville ya mwaka 1946 ilikuwa mji uliogawanywa, Wazungu upande wao na Waafrika upande wao. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ndiyo iliyoamua wafanyakazi wake waishi wapi na wale nini. Miaka mitano tu kabla ya karakana kufunguliwa, Desemba 1941, wafanyakazi wa migodi waliogoma walipigwa risasi katika mji huo. Hakuna hata kimoja cha hivi kwenye picha za Hangar. Hakuna bomba la kiwanda linalofuka moshi, hakuna reli, hakuna mchimbaji. Kuna pori, mto na wanyama. Mwalimu alidhani analinda macho ya Kiafrika yasichafuliwe na Ulaya, lakini alikuwa pia anaamua yeye, Mfaransa, Afrika ifanane na nini. Wanunuzi walikuwa Wazungu, na pori tulivu liliuzika vizuri zaidi ya mgomo.

Nayasema haya kwa uzito wote, na bado nasema wanafunzi walichukua kile kidogo walichoachiwa huru, yaani namna ya kugusa karatasi, wakafanya humo kazi ambayo mwalimu hakuiagiza. Aliagiza wanyama. Hakuagiza vistari. Hakuagiza vidole. Hakumwambia Pili Pili aifanye kijani moja kuwa tatu. Kumwita Mwenze mtu wa kipaji cha asili ni kumnyang'anya miaka yake ya kazi. Kistari kile kilitafutwa, kikajaribiwa, kikarekebishwa, mpaka mkono ukajua upana gani wa brashi na umbali gani kati ya kimoja na kingine.

Wakati huo Kampala kulikuwa na mwalimu mwenye mawazo ya karibu na hayo. Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha sanaa katika chuo cha Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, na yeye pia hakutaka wanafunzi wake wanakili Ulaya. Aliwasimulia hadithi, wakafumba macho, wakachora walichokiona vichwani. Wachoraji Sam Ntiro na Elimo Njau walipitia shule hiyo. Tofauti ni kwamba Makerere ilikua ikawa idara ya chuo kikuu, na Hangar ilimtegemea mtu mmoja.

Mtu huyo alipofariki mwaka 1954, karakana haikudumu peke yake. Wachoraji wake walihamia shule ya sanaa ambayo Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mjini humo mwaka 1951. Moonens alifundisha kwa utaratibu wa shule, na humo Pili Pili na Mwenze waligeuka kuwa walimu. Nafikiri hapa ndipo mchango wa Hangar unapopimwa kwa haki: wale waliofundishwa bila kanuni walisimama mbele ya darasa. Miongoni mwa vijana waliopitia shule hiyo alikuwamo Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940. Picha zake zina vivuli vya watu vyembamba, vimeshikana mikono na miguu, vimejaa uso wote wa picha, na kati yao alama na nukta. Ukimtazama Mode Muntu baada ya kumtazama Pili Pili unaona usuli umeamka na kuwa watu. Hakumwiga. Alichukua wazo kwamba pahali patupu hapapo na akalipeleka kwake.

Baadaye mji ukapata wachoraji wa namna nyingine, ambao hawakupitia karakana yoyote ya Mzungu. Nyumba nyingi za mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo zilitundika sebuleni, au kwenye salo kama tunavyosema Lubumbashi, picha za mamba muntu, yaani nguva, au za askari wa wakati wa Wabelgiji akimchapa mfungwa. Watu waliziita ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliichora historia nzima ya nchi katika picha 101, ambazo mwanaanthropolojia Johannes Fabian alizikusanya na kumhoji mchoraji wake mwaka 1973 na 1974. Humo ndimo mauaji ya mwaka 1941 yalipopata nafasi. Tshibumba alichora juu ya magunia ya unga, kwa rangi chache, tambarare, zilizo wazi kama sauti ya msimulizi. Alileta kile Hangar ilichofungia nje. Lakini hakuna ulazima wa kumchagua mmoja na kumtupa mwingine. Tshibumba alijua rangi inavyosema, Mwenze alijua rangi inavyopumua.

Mashariki zaidi, Dar es Salaam, mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa za baiskeli. Wapo wanaosema aliziona picha za Kikongo zilizokuwa zikiuzwa mjini humo, na mtu akiweka ndege wa Tingatinga kando ya ndege wa Pili Pili ataelewa wazo hilo limetoka wapi.  

Mwaka 2015 jumba la Fondation Cartier, Paris, lilifungua maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kuanzia 1926, na wachoraji wa Hangar walikuwamo. Watu walipanga foleni. Nafurahi kwa hilo. Lakini picha zile zilioneshwa kama historia, kama ukurasa wa zamani ulio mzuri, na zina kazi nyingine ya kufanya ambayo bado hazijapewa. Katika shule zetu za sanaa, kuanzia Lubumbashi mpaka Kampala na Dar es Salaam, somo la rangi bado linaanza na gurudumu la Itten, na mifano inatoka Weimar na Yale. Gurudumu lina faida yake, nami sitaki liondolewe. Ninachoomba kwa mwalimu yeyote wa sanaa anayesoma hapa ni hiki: wiki ya kwanza ya somo la rangi, kabla ya gurudumu, tundika ukutani chapa ya picha ya Mwenze Kibwanga. Waambie wanafunzi waisogelee wahesabu rangi zilizotumika, kisha warudi nyuma wahesabu wanazoziona. Wape karatasi, rangi tatu za udongo na brashi nyembamba, na uwakataze kukoroga.